Sumaku ya Trifon

Katika mji ule wa chumvi kando ya Bahari Nyeusi, siku ya jina lako, yaani sikukuu ya mtakatifu uliyepewa jina lake, humwaliki mtu. Unafungua mlango, unatandika meza, unakaa. Anayekupenda atakuja. Asiyekupenda atapita njia akitazama ncha za viatu vyake. Ndiyo maana siku ya jina ndiyo mizani ya mtu mbele ya majirani zake, na Trifon Karabashev alikuwa amezoea kupanda mizani hiyo na kuonekana mzito.

Kwanza alikuwa Trifon peke yake mjini. Mtakatifu Trifon ndiye mwenye mizabibu, na siku yake, katikati ya baridi ya Februari, wanaume huenda shambani kupogoa, wakamwaga divai juu ya mashina waliyoyakata, kisha wakamchagua mfalme wa mizabibu. Humvisha taji la vitawi, humpandisha mkokoteni, humpeleka kwake kwa kodiani na kelele, na huko ndiko kula na kunywa. Sasa nani awe mfalme kama si Trifon mwenyewe? Mwaka baada ya mwaka taji lilimjia kama barua yenye anwani yake. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakalia ngazi na sahani magotini. Mkewe Nedka alipika sarmi, yale majani ya kabichi chachu yanayoviringishiwa nyama na mchele, katika sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto.

Halafu akaja Trifon wa pili.

Lakini ngoja kwanza tuseme la sumaku. Trifon Karabashev alikuwa na duka la beringi, vali na gololi za chuma. Mji unaoishi kwa chumvi hutafunwa na chumvi. Kila kinachozunguka na kila kinachofunguka na kufunga huliwa na kutu, na wote wenye pampu na mashua walimjia yeye. Shingoni, mahali wengine wanapovaa msalaba, yeye alivaa sumaku kwenye uzi. Mteja akija anataka gololi ya vali, Trifon huiweka mezani, huvua sumaku, huishusha taratibu kama padri anayebariki.

"Sumaku ikiibusu," husema, "hicho ni chuma cha hivi hivi, kutu itafika kabla ya kahawa yako kupoa. Sumaku ikiikataa, hiyo sasa ndiyo stenlesi, chuma kisichoota kutu."

Mji mzima uliyajua maneno hayo kama sala. Akina mama walikwenda sokoni na sumaku kupimia sufuria. Trifon alizigawa hata harusini.

Na je, ilikuwa kweli? Nusu yake. Gololi za vali alizouza, zile mafundi wanazoziita 316, sumaku huzikataa kweli, na maji ya chumvi hushindwa nazo kwa miaka. Lakini ipo stenlesi nyingine, 440, ngumu kama roho ya mama mkwe, iliyotengenezwa kwa ajili ya beringi, na hiyo sumaku huirukia kama paka aliyeona dagaa. Trifon alijua hilo vizuri. Ila maelezo marefu hayauzi, na beringi zake zote zilikuja zimefunikwa, hakuna aliyeweza kuzichungulia tumbo. Basi akaacha sumaku iseme.

Trifon wa pili aliitwa Trifon Shopov. Alitoka Varna alikofanya kazi kwenye magati ya meli, kijana kidogo kuliko mwenzake, masharubu yamechongwa, akafungua duka ng'ambo ya barabara. Duka gani? La beringi, vali na gololi. Juu ya mlango akatundika kengele ya shaba iliyotoka kwenye meli. Kila mteja akiingia, kling! Mji hauwezi kukaa na watu wawili wenye jina moja na kazi moja bila kuwatofautisha, kwa hiyo haikupita wiki, mmoja akawa Trifon Sumaku, mwingine Trifon Kengele.

Kengele ile ilimpiga Trifon Sumaku penye ini. Kling, na shingo yake inageuka. Kling, na kahawa inamshinda. Alijifunza kuisoma: huyu aliyeisukuma kwa pupa ni nahodha fulani, huyu aliyeigusa kwa aibu ni mtu ambaye jana tu alikuwa mteja wangu.

"Trifon," Nedka alimwambia, "shingo yako itagandia huko huko ilikogeukia. Nitakulaje chakula na mume anayetazama ubavuni?"

"Simtazami mtu. Natazama hali ya hewa."

"Hali ya hewa ina masharubu siku hizi?"

Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba yule Kengele hakuwa na ubaya. Asubuhi akifungua duka humpungia mkono kwa moyo mmoja, "Habari za asubuhi, wajina!" Wajina! Kama vile walizaliwa tumbo moja. Trifon Sumaku hujibu kwa kukohoa.

Sasa kulikuwa na Dechko. Dechko ndiye aliyesimamia ndoa ya Trifon na Nedka, na tangu siku ile hakuwahi kuwaita kwa majina. Mmoja kwake ni bwana harusi, mwingine bibi harusi, japo bwana harusi sasa ana upara. Ndiye mkuu wa pampu na magurudumu katika mabwawa ya chumvi, na siku ya jina ndiye anayefika kwanza, ndiye anayenyanyua glasi ya kwanza. Akiingia Dechko, mji unaingia nyuma yake. Kidole chake kimoja hakina ncha. Kilichukuliwa na mkanda wa gurudumu mwaka ambao beringi ilikwama ghafla.

Ilikuwa mwisho wa Januari, wakati mabwawa yamelala na mafundi wanafungua mashine ili majira ya kuchipua yasiwakute uchi. Trifon alikuwa dukani. Kling. Shingo ikageuka. Ng'ambo ya barabara, imeegemezwa ukutani, aliiona baiskeli ya Dechko.

 Alijiambia, ameingia kuota moto. Alijiambia, ameingia kuuliza njia. Dechko, aliyezaliwa mtaa ule! Dechko alikaa mle ndani mpaka Trifon akaisugua meza ya duka ikang'aa kama kioo cha kinyozi. Alipotoka alikuwa na kipakiti mkononi na kicheko usoni, na moja kwa moja akaelekea kwa Rusana.

Rusana anauza mkate wa jibini na boza nzito ya mtama, na pamoja na hivyo, bila malipo, habari zote za mji. Asubuhi pale hapana pa kutia mguu. Trifon akafunga duka, akamfuata.

"Bwana harusi!" Dechko alimpokea. "Njoo uone. Mwaka huu gurudumu kubwa linapata gololi za stenlesi. Basi tena zile za chuma tunazotupa kila mwaka. Wajina wako amenishauri vizuri sana."

Amenishauri. Vizuri. Sana. Kila neno liliingia kama msumari. Gurudumu lile, linaloinua maji ya chumvi kutoka bwawa moja hadi lingine, lilikuwa la kizamani, gololi zake hupangwa kwa mkono kwenye mfereji wake na kufunikwa kwa grisi, moja baada ya nyingine. Na miaka yote hiyo Dechko hakuwahi kumuuliza yeye.

"Hebu," Trifon akasema kwa sauti tamu, "hebu tuzisalimie."

Akavua sumaku. Watu wakasogea, hata Rusana alisimamisha kisu katikati ya mkate. Sumaku ilikuwa bado haijafika, gololi zikaruka zikaing'ang'ania kama zabibu kwenye kishada.

"Uuuuu!" ikatoka kwa Rusana.

"Yesu wangu," akasema mtu. "Chuma cha hivi hivi!"

Dechko alitazama ile sumaku, akakunja uso. Kabla supu za mchana hazijapoa, mtaa mzima ulijua kwamba Trifon Kengele anauza misumari iliyoviringishwa.

Kengele mwenyewe alikuja mbio, bila koti, katika baridi ile. "Jamani, hizo ni za beringi! Zinatakiwa ziwe ngumu, na ngumu hushikwa na sumaku. Hazikai ndani ya maji, zinakaa ndani ya grisi. Wajina, mzee wangu, waambie. Wewe unajua."

Macho yote yakamgeukia Trifon Sumaku. Na alijua, alijua kama anavyoijua njia ya kitandani kwake. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini kijiba cha roho kilikuwa kimemkaa kooni, na juu yake palikuwa na mkate wa jibini wa moto. Akatafuna. Akameza. Akasema, "Mimi sumaku yangu imesema. Mimi nani niibishie?"

Watu wakacheka. Kengele alimtazama kidogo tu, si kwa hasira, kwa namna mtu anavyotazama daraja aliloliamini, kisha akarudi kwake. Kling.

Dechko alizirudisha gololi kwa Kengele siku ile ile. Moja tu haikurudi, kwa sababu Trifon alikuwa ameificha kiganjani. Akaitia katika mtungi wa kioo uliojaa maji makali ya bwawa, pembeni yake akaweka gololi yake moja ya 316, akauweka mtungi nyuma ya pazia la dirisha la duka. Atakuja kuota kutu huyu, alinong'ona, na hakujua mwenyewe kama alikuwa akisema na gololi au na mwenye masharubu.

Kesho yake Dechko aliingia dukani kwa Sumaku akikokota hata baiskeli. "Bwana harusi, nimekosa, nimetubu. Nipe wewe. Gololi za vali za pampu, na za gurudumu. Zote kwako."

Ah, utamu wa maneno yale! Trifon alipima gololi za vali, sumaku ikazikataa, Dechko akafurahi. Ndipo akafika kwenye za gurudumu, na mkono ukamsita. Angempa 316, nazo ni laini. Gurudumu lile lina uzito wa ng'ombe kadhaa, lingezikanda kama unga, zingebonyea na kuwa bapa, zingekwama, na mkanda ungeruka. Akaitazama ile nafasi mahali ambapo ncha ya kidole cha Dechko ingekuwa.

Basi hakumpa laini. Lakini kusema kweli nako kulimshinda, kwa maana kusema kweli ni kumpa Kengele haki yake mbele ya mji. Akaenda nyuma, akafungua droo ya chini, akatoa 440, dada pacha wa zile za Kengele. Akazifunga kwa karatasi ya mafuta, akaifunga karatasi kwa uzi, na uzi akautia mafundo.

"Usifungue mpaka siku ya kuzipanga," alisema. "Jasho la mkono huziharibu."

"Nitazitunza kama mayai," akasema Dechko.

Trifon alilala usingizi wa mfalme. Alikuwa amemlinda rafiki na amemshinda adui kwa kifurushi kimoja, akajiona mjanja kuliko sungura. Alisahau jambo dogo tu: sumaku moja kati ya zile alizogawa harusini ilikuwa ya harusi yake mwenyewe, na Dechko aliibeba mfukoni mwa koti tangu siku hiyo.

Mwanafunzi mzuri ni balaa. Dechko alifika kwa Rusana, akaweka kifurushi mezani, watu wakauliza, "Za nani hizo?" akasema, "Za bwana harusi, hizo ndizo zenyewe," akatoa sumaku yake kwa fahari tu, aionyeshe kazi ya rafiki yake. Akaipitisha juu ya karatasi. Kifurushi kizima kikanyanyuka.

Rusana safari hii hakusema uuu. Alisema, "Ehe," na ehe ya Rusana ni mbaya zaidi.

Dechko hakwenda kugombana. Ingekuwa afadhali angekwenda. Alipita nyumbani Trifon akiwa dukani, akamkabidhi Nedka kifurushi na kile cha vali pia.

"Mwambie mumeo amesahau vitu vyake."

Mumeo. Hakusema bwana harusi. Nedka alisimama mlangoni na vifurushi mikononi mpaka baridi ikamwingia mifupani.

Mtaani hukumu ilikuwa imekwisha kutoka, na aliyeitamka ni Rusana huku akikata mkate: "Kengele angalau alisema mbele ya macho yetu kwamba zinashikwa. Huyu wetu alizifunga mafundo."

Siku ya Mtakatifu Trifon ikaja na jua la uongo, lile linaloangaza bila kupasha joto. Wanaume walipanda kwenye mizabibu na visu vya kupogolea na chupa kwapani. Trifon alikata matawi yake, akamwagia shina divai, akaomba mazao. Mzee mmoja akamchokoza kama anavyochokozwa kila mwaka, "Trifon, angalia pua!" kwa sababu Mtakatifu mwenyewe, wanasema, alikuwa akiwacheka wengine huku kisu kiko mkononi, akajikata pua. Kila mwaka Trifon hucheka. Mwaka huu pua ilimwasha.

Wakati wa taji ulipofika alijikuta ameinamisha kichwa kidogo, kwa mazoea. Taji likapita. Alisikia kodiani ikianza nyuma yake, akasikia, "Trifon! Trifon! Awe mfalme!" na jina lilikuwa lake lakini halikuwa lake. Taji lilikaa juu ya nywele nyeusi za Kengele, likampendeza, na hilo ndilo lililochoma. Dechko ndiye aliyeshika mkokoteni.

Nyumbani meza ilikuwa imetandikwa mpaka ngazini. Samaki, kachumbari za pipani, sufuria la sarmi linatoa moshi, glasi zimepangwa kama askari. Nedka alivaa gauni lake la bluu. Walikaa wawili. Kila viatu viliposikika nje, Trifon alinyanyuka nusu, viatu vikapita. Ng'ambo ya barabara, nyumba iliyo juu ya duka la Kengele ilikuwa imefurika mpaka madirisha yameloa jasho, na kodiani ilipiga bila huruma.

"Nimeviringisha sarmi za mji mzima," Nedka alisema. "Tutazila mpaka Pasaka. Sasa niambie mimi, maana mtaa wote unajua isipokuwa mimi ninayelala nawe. Zile gololi ni mbovu?"

"Si mbovu. Ni nzuri kabisa. Ndizo zenyewe za gurudumu."

"Na za yule?"

Trifon akaipanga upya glasi iliyokuwa sawa tayari.

"Trifon, na za yule?"

"Ni zile zile."

 Nedka akafunga kifuniko cha sufuria. "Basi kata pua, uunge wajihi. Huna njia nyingine."

Trifon akanyanyuka, akashuka dukani. Nyuma ya pazia mtungi ulikuwa ukimsubiri. Akauinua kwenye mwanga: gololi yake ya 316 ilikuwa safi kama jicho la mtoto, na ile ya Kengele imeota madoa mekundu, kutu halisi, uso mzima kama mwenye ndui. Hapo wivu ukamwambia sikioni, si umeona? Peleka tu. Waoneshe. Huhitaji kusema hata neno la uongo. Kutu itasema, kama sumaku ilivyosema. Na nyumba itavuka barabara kurudi kwako.

Akavuka barabara akiukumbatia mtungi. Nedka akamfuata na sufuria la sarmi, kwa kuwa siku ya jina huingii kwa mtu mikono mitupu, na hakuuliza mumewe anakwenda kufanya nini. Ukweli ni kwamba mumewe mwenyewe alikuwa bado hajajua.

Kling!

Kodiani ikakata pumzi. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, na kwa mbali, chini ya taji, Kengele akasimama. "Wajina! Karibu! Jina lako liwe na heshima!"

"Na lako," Trifon akajibu, na sauti ikamtoka kama mlango mbovu. Akauweka mtungi mezani, kati ya samaki na mkate. "Hii ni yangu. Hii ni yako. Zimelala pamoja katika maji ya bwawa tangu ile siku."

Vichwa vikainama juu ya kioo. "Kutu!" akasema mmoja. "Mama yangu, tazama kutu!" Rusana alijipenyeza mpaka pua ikagusa mtungi. Kengele akafifia rangi, taji likawa kubwa kichwani mwake. Na Trifon, Mungu amsamehe, akasikia utamu ukimpanda kutoka visiginoni. Mtu karibu naye tayari alikuwa akimpisha kiti.

Ndipo Dechko akapasua watu, uso umefunguka. "Bwana harusi!" alisema. "Kumbe! Basi sikukuelewa. Nipe hizi, hizi safi. Kesho nazipanga kwenye gurudumu, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Akaionyesha mikono. Vidole vyote, na kile kifupi.

Trifon akakitazama kile kifupi. 

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana, hizi si za gurudumu." Akageuka kwa Kengele. "Wajina, una jiliwa?"

"Liko chini dukani."

Nyumba nzima ikashuka ngazi, wengine na sahani mkononi. Trifon aliitoa gololi yake safi, akaibana kwenye meno ya jiliwa, akaning'inia kwenye mpini na uzito wake wote. Akaifungua. Gololi ilikuwa imepata mashavu mawili bapa. Kisha akaibana ile yenye ndui, akaning'inia tena, mpaka upara ukamwiva. Akafungua. Gololi ilianguka ikadunda sakafuni, mviringo vile vile; aliyeumia ni jiliwa, meno yake yalikuwa na shimo.

"Safi ni ya vali," Trifon alisema, akiliambia jiliwa kwa kuwa watu aliona haya kuwaambia. "Inaoga chumvi usiku na mchana, haibebi mzigo, inapanda na kushuka tu. Hii ngumu ni ya gurudumu. Uitie grisi, uifunike, usiiogeshe, itabeba mpaka watoto wako wachoke. Ukibadilisha, hii itaoza na hii itapondeka. Kengele alikwambia kweli tangu mwanzo. Nami nilikupa zile zile zake, nikazifunga mafundo."

"Na sumaku?" aliuliza Dechko, sauti ndogo kabisa. Alikuwa ameitoa mfukoni, ameishika kama mtu aliyeambiwa pete yake ni bati.

"Sumaku inakwambia kwamba kitu kinashikwa na sumaku. Basi. Hayo mengine niliyasema mimi."

 Halafu Rusana, kutoka ngazini, kwa sauti iliyofika hadi mabwawani: "Jamani, Trifon kajikata pua!"

Wakacheka. Wakacheka mpaka mmoja akaimwagia divai kengele ya mlangoni. Kulikuwa na miiba ndani ya kicheko kile, na mwanamke mmoja akauliza kuhusu sufuria zake zote alizozitupa, lakini hakuna aliyeondoka. Na Kengele, ambaye angeweza kumkanyaga mbele ya watu na asilaumiwe, akavua taji, akalitazama, akasema, "Mimi huku nimeishiwa samaki. Na huko kwako naona taa zinawaka bure. Twende?"

Nyumba ikavuka barabara, kodiani mbele.

Walijaa tena mpaka ngazini, sahani magotini. Nedka aligawa sarmi mpaka akaona chini ya sufuria, gauni la bluu limejaa mafuta, uso unang'aa. Trifon alizunguka na chupa kama zamani. Na unafikiri alipona? Alimsikia Kengele akimsifia Nedka mkono wake wa kupika, akamsikia Nedka akicheka kicheko ambacho yeye alidhani ni chake peke yake. Alimvuta Rusana pembeni.

"Niambie kweli. Divai ya nani nzuri, yangu au yake?"

"Trifon, nenda ukawakaribishe wageni."

Dechko alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, karibu na jiko. Trifon akainama kumjazia. "Kesho uje. Za vali nimekuwekea. Za gurudumu pia ninazo, droo ya chini."

"Za vali nitachukua kwako, bwana harusi," alisema Dechko, na neno lile lilimwingia Trifon kama supu ya moto. "Za gurudumu nitachukua kwa wajina wako."

"Lakini ni zile zile!"

"Najua ni zile zile. Yeye aliniambia kweli kabla yako."

Trifon alibaki na chupa hewani. Kijiba cha roho kilikuwa pale pale kooni, kimepungua kidogo kuliko jana. Kengele alikuwa ameketi kando ya Dechko na glasi tupu, anamtazama. Siku ya jina, mgeni hakai na glasi tupu. Trifon akaijaza mpaka ukingoni, asimwage hata tone. Kisha akarudi kwenye glasi ya Dechko, ambayo ilikuwa imejaa tayari, akaongeza kidogo.